Shajara ya mradi: kuchagua mikanda ya feni ya Isuzu 4BD1

Gari ni lori la Isuzu NPR la zamani, injini 4BD1: silinda nne, cc 3,856, umeme wa volti 24. Kazi ni kutafuta na kufunga mikanda mipya ya feni. Kufunga kwenyewe hakukuzidi saa moja. Muda mwingine wote ulikwenda kwenye swali la mkanda upi, na ndiyo sababu ya kuandika shajara hii.

Mkanda unaanzia puli ya krenki, unapita puli ya pampu ya maji yenye feni, unapita altaneta, unarudi krenki. Watu huhesabu kazi mbili: kupoza injini na kuchaji betri. Ya tatu inasahaulika. Mgongoni mwa altaneta kuna pampu ya vakyumu inayozungushwa na shafti ileile, na hiyo ndiyo inayosaidia breki. NPR hii haina breki za upepo. Ni za mafuta zenye busta ya vakyumu, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, na injini ya dizeli haitengenezi vakyumu yake kama ya petroli kwa sababu njia yake ya hewa haifungwi na kipepeo (kilango cha kuzuia hewa). Mkanda ukikatika kwenye mteremko wa Kitonga, barabara ya Iringa, taa nyekundu ya chaji inawaka, tangi la vakyumu linatoa msaada wa kukanyaga mara chache, kisha kanyagio linakataa kushuka. Kwa hiyo hapa mkanda wa feni ni spea ya breki, na unanunuliwa kwa uangalifu wa spea ya breki.

Zipo 4BD1 zenye mfereji mmoja kwenye puli. Hii ina miwili, kwa hiyo mikanda ni jozi. Vipimo vyote vilivyomo humu ni vya gari hili; chukua utaratibu, usichukue namba.

Siku ya 1: kabla ya kufungua

Dalili ziliandikwa kwanza, spana baadaye. Asubuhi injini ikiwaka mkanda unalia kwa sekunde kumi hivi, unanyamaza, kisha unalia tena taa kubwa zikiwashwa. Chaji ikipimwa kwenye betri, taa zikiwa zimewashwa na injini ikiwa mizunguko 1,500 kwa dakika, inasoma volti 25.9, ilitakiwa iwe kati ya 27.5 na 28.5. Kwenye mlima mrefu mshale wa joto unapanda kuliko zamani. Mbele ya injini kuna vumbi jeusi la mpira.

Baada ya safari ya nusu saa, kipimajoto cha miale kilielekezwa kwenye puli mara tu injini ilipozimwa: pampu ya maji nyuzi 71, altaneta nyuzi 96. Tofauti hiyo inasema mkanda unateleza wapi. Katika mpangilio wa puli tatu ambazo mkanda unazizunguka kwa nje, jumla ya digrii zinazokumbatiwa ni 360, si zaidi, na puli tatu zinagawana hizo. Kwa umbali uliopimwa kati ya shafti (krenki hadi pampu mm 230, pampu hadi altaneta mm 210, krenki hadi altaneta mm 260), krenki yenye kipenyo cha mm 150 inapata digrii 140, pampu yenye mm 130 inapata 112, na altaneta yenye mm 80 inabaki na 108. Ndogo kuliko zote, inakumbatiwa kidogo kuliko zote, na ndiyo yenye mzigo mzito. Kuteleza kutaanzia hapo kila mara.

Mzigo wenyewe si mdogo. Altaneta ikitoa ampea 40 kwa volti 28 ni wati 1,120. Ukiongeza kinachopotea ndani yake kama joto, mkanda unabeba karibu wati 2,000. Injini ikiwa mizunguko 2,000, mkanda unakimbia karibu mita 16 kwa sekunde, yaani mvuto wa kilo 13 hivi unaoshikiliwa na ubavu wa mpira peke yake.

Kufungua: gari kwenye sakafu tambarare, kuni kwenye magurudumu, kabini ikakunjwa na nondo yake ya usalama ikafungwa, ufunguo ukatolewa, waya hasi wa betri ukafunguliwa. Bolti ya chini ya altaneta ililegezwa, kisha ya kwenye braketi yenye tundu refu. Altaneta ilisukumwa kuelekea injini na mikanda ikatoka yenyewe. Angalia paipu za mafuta na hosi ya vakyumu nyuma ya altaneta wakati inasogea. Hosi hizo zikizeeka hukakamaa, na ukisukuma kwa pupa hupasuka pale kwenye shingo.

Yaliyotoka ni mikanda miwili isiyofanana. Wa mbele umevishwa kitambaa, una chapa A41, mbavu zake zinang'aa kama kioo. Wa nyuma una meno kwa ndani na mbavu wazi, namba imefutika, nyufa kwenye kila jino la tatu au la nne. Mtu aliona mmoja umekufa akabadilisha huo tu, tena kwa aina nyingine.

Siku ya 2: puli

Kununua mkanda kabla ya kukagua puli ni kununua mara mbili. Mifereji ilisafishwa kwa brashi ya waya na kitambaa chenye petroli kidogo, ikaachwa ikauke. Msasa haukutumika: hukwaruza kuta za mfereji, na kuta zilizokwaruzwa zinakula mpira kama tupa.

Upana wa mfereji juu, kwa kalipa: mm 13 kwenye puli zote. Hapo tayari familia tatu za mikanda zimeondoka mezani. Mkanda wa V hautakiwi kugusa chini ya mfereji hata kidogo. Unashika kwa mbavu, kwa kujikita kama kabari. Ukigusa chini, ukabari umekwisha na unabaki mkanda bapa unaoteleza. Mgongo wake unatakiwa uwe sawa na ukingo wa puli au ujitokeze milimita moja hadi mbili.

Kuta za mifereji zina pembe ya digrii 36 kati yao, kwa hiyo kosa dogo la upana linakuwa kubwa kwenye kina. Mkanda wa mm 10 ukiwekwa kwenye mfereji wa mm 13 unazama karibu mm 4.6. Kwenye altaneta ya mm 80 hiyo ni sawa na kuipunguza kipenyo cha kazi kwa mm 9, na kwa kawaida unakuwa umeshafika chini. Kinyume chake, mkanda wa mm 17 unasimama mm 6 juu ya ukingo na kushika kwa ncha tu ya chini. Wa kwanza unalia, wa pili unajipindua na kuruka nje.

Uchakavu: kipande cha mkanda mpya wa mm 13 kiliwekwa kwenye kila mfereji, tochi ikamulikwa kutoka nyuma. Mwanga ukipita katikati ya ubavu, ukuta umeliwa na kuwa kama kijiko. Kikomo kinachotumika na watengenezaji wa mikanda ni mm 0.8 hivi. Krenki na pampu ziko vizuri. Mfereji wa mbele wa altaneta una pengo la mm 1.0 na chini yake panang'aa, ushahidi kwamba ule A41 ulikuwa unasugua chini. Puli ya altaneta imeingia kwenye orodha ya manunuzi. Kuacha puli hiyo na kufunga mikanda mipya juu yake ni kuiharibu mipya kwa wiki chache, na hapo lawama zitamwangukia muuza mikanda bure.

Beringi: puli ya pampu ya maji ilishikwa juu na chini ikatikiswa. Haina mchezo, na kitundu cha chini cha pampu hakina alama ya maji yaliyokauka. Altaneta ilizungushwa kwa mkono, haina mkwaruzo. Sili ya mbele ya krenki ni kavu. Hii ya mwisho isirukwe: sili ikivuja, puli inarusha oili kwenye mikanda, mpira unavimba na kulainika, na hakuna aina ya mkanda itakayodumu.

Mstari wa puli: rula ndefu ya chuma iliegemezwa usoni mwa krenki na kupelekwa hadi altaneta. Altaneta imerudi nyuma mm 2.5. Kiasi kinachovumilika kwa mkanda wa V ni karibu mm 5 kwa kila mita, kwa hiyo kwa umbali wa mm 260 ni mm 1.3 tu. Chanzo ni altaneta ya kubadilishwa ambayo sikio lake ni jembamba kuliko la zamani. Dawa ni washa mbili (pete bapa za chuma) zenye jumla ya mm 2.4 kati ya sikio na braketi.

Siku ya 3: urefu

Kawaida ya mitaani ni kuchukua mkanda wa zamani, kuupeleka dukani na kusema nipe kama huu. Tuseme ingefanyika hivyo hapa. Wa meno ulikatwa ukanyooshwa kwenye utepe: mm 1,104. Wa kitambaa, A41, ni inchi 41 kwa ndani, yaani mm 1,041, na kwa nje mm 1,091. Vipimo viwili tofauti kwa injini moja, na vyote viwili ni vibaya. Ule wa meno umevutika. Huo mwingine haukuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kwa kuwa A41 ni mfupi kwa mm 13, mzigo wote ulikuwa wake, na mwenzake ulikuwa unapepea tu. Ndiyo maana mmoja umeungua ubavu na mwingine una nyufa: mmoja ulikufa kwa kazi na mwingine kwa uzee.

Njia ya kuaminika ni kuuliza puli zenyewe. Inahitajika kamba nyembamba isiyovutika (waya laini wa kufungia nondo unafaa, uzi wa nailoni haufai kabisa) na alama ya wino. Kamba inazungushwa kwenye puli zote tatu kwenye usawa wa ukingo, si chini ya mfereji, kwa kuwa tunatafuta urefu wa nje.

Altaneta ikiwa imesukumwa ndani kabisa: mm 1,055.
Altaneta ikiwa imevutwa nje kabisa: mm 1,115.

Kati ya hizo ndipo mkanda unapoishi. Mfupi kuliko 1,055 hauingii bila kulazimishwa kwa bisibisi, na bisibisi inakata nyuzi za poliesta zilizomo ndani. Kwa nje mkanda unaonekana mzima, baada ya siku mbili unajipindua. Ukiwa karibu na 1,115 hauna pa kukazwa utakapovutika. Lenga theluthi ya kwanza, hapa karibu mm 1,075. Mkanda ukivutika kwa asilimia 1 ni mm 11, kwa hiyo wa mm 1,080 unabaki na mm 35 za kukazia, zaidi ya asilimia 3. Ule wa 1,104 ungebaki na mm 11 tu, yaani ungefika mwisho wa tundu ukiwa bado na uhai.

Hesabu ya karatasi ilifanywa kuhakiki kamba. Sehemu tatu zilizonyooka ni mm 230, 208 na 258; vipande vya kuzunguka puli ni mm 183, 127 na 75. Jumla ni mm 1,081 pale altaneta ilipokuwa imesimama wakati wa kupima umbali wa shafti, ndani kidogo ya katikati ya tundu. Kamba haikudanganya.

Siku ya 4: dukani

Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, mikanda ipo ya kila jina, na hapo ndipo namba zinapochanganya. Mambo ya kujua kabla ya kufika kaunta:

Mikanda ya viwandani ya A na B huandikwa kwa urefu wa ndani. A ni upana wa mm 13 na kimo cha mm 8. Urefu wa nje unapatikana kwa kuongeza mm 50. B ni mm 17 kwa 11. Ongeza karibu mm 70. Mikanda ya magari ya mtindo wa Ulaya huandikwa AVX10 au AVX13, ikifuatiwa na urefu wa nje kwa milimita. AVX13 ina upana uleule wa A lakini kimo chake ni mm 10, kwa hiyo ina ubavu mrefu zaidi wa kushika. Mikanda ya Kijapani ya meno hubeba herufi RECMF na tarakimu nne: ya kwanza inaonyesha upana, 6 kwa mm 13 na 8 kwa karibu mm 17, na tatu zinazofuata ni urefu kwa inchi na desimali moja. 6425 basi ni inchi 42.5, sawa na mm 1,080.

Sasa tazama mtego. Ukimwambia muuzaji unataka inchi 42, akakupa A42, umepata mm 1,067 kwa ndani na mm 1,117 kwa nje. Hauwezi kukazwa hata altaneta ikitolewa nje kabisa. Kutaja inchi bila kusema ndani au nje ni kubahatisha.

Mikanda iliyofika kaunta ilikuwa mitatu. A40, wa nje mm 1,066, umevishwa kitambaa. AVX10 wa mm 1,075. Na 6425 wa meno. AVX10 ulikataliwa kwa upana, sababu ziko kwenye siku ya 2. A40 ulihitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu urefu wake unaingia na bei yake inavutia.

Huo ndio mkanda unaofungwa kwenye mashine za kusaga na pampu za maji, na kwenye kazi yake ni mkanda mzuri. Lakini umetengenezwa kwa puli kubwa. Kitambaa kinachouvisha ni kigumu kupinda: kwa A kipenyo kidogo kinachoshauriwa ni karibu mm 75, kwa B karibu mm 125. Altaneta yetu ni mm 80, kwa hiyo A imo kwa kubanana, na B ya kitambaa haimo kabisa. Kila mpindo kwenye puli ndogo unazalisha joto ndani ya mpira. Hapa, injini ikikimbia mizunguko 2,000, mkanda unaizunguka altaneta mara 14 hivi kwa sekunde. Kanuni inayotolewa na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za joto la ziada ndani ya mkanda zinakata maisha yake nusu. Meno ya ndani yamewekwa kwa ajili hiyo: mkanda unapinda kirahisi na hewa inapita katikati. Na mbavu wazi, zisizo na kitambaa, zinashika chuma vizuri zaidi. Kwa kubeba wati 2,000 kwenye digrii 108 za puli ya mm 80, chaguo ni 6425.

Kukagua kwa macho na mikono: chapa isifutike ukiisugua kwa kidole chenye mafuta, meno yawe na nafasi sawa mzunguko mzima, hasa pale mpira ulipounganishwa, mbavu zilizokatwa zionyeshe nyuzi katika mstari mmoja, zisipande na kushuka. Mikanda iliyotundikwa mlangoni juani isichukuliwe, hata kama ni halisi. Mpira unazeeka kwa joto na mwanga, haujali kama umeshafungwa kwenye gari.

Jozi: mikanda miwili yenye namba moja si lazima ilingane. Chukua yenye alama moja ya toleo, itundike yote miwili kwenye bomba moja, pitisha bomba la pili chini yake na uvute. Jozi ya kwanza ilitofautiana mm 5. Hiyo ingerudisha ugonjwa uleule wa mmoja kubeba na mwingine kupepea. Kutoka boksi lilelile ilipatikana jozi yenye tofauti isiyofika mm 1. Zilinunuliwa jozi mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba, pamoja na puli ya altaneta.

Siku ya 5: kufunga

Puli ya altaneta: mkanda wa zamani ulizungushwa kwenye mfereji na kubanwa kwa jiliwa ili puli isizunguke wakati nati inafunguliwa. Huo ndio utumishi wake wa mwisho. Puli mpya iliingia, nati ikakazwa, washa mbili zikawekwa kwenye sikio, rula ikarudishwa: tofauti iliyobaki ni chini ya mm 0.5.

Mikanda iliingizwa altaneta ikiwa ndani kabisa, wa nyuma kwanza, kwa mkono. Hakuna kilichotumika kama mtaimbo. Migongo yote miwili ilijitokeza mm 1.5 juu ya ukingo, usawa mmoja.

Kukaza ndipo penye ubishi wa mafundi wengi, kwa sababu kila mtu ana kidole gumba chake. Kipimo cha Isuzu ni mkanda kubonyea mm 8 hadi 12 ukisukumwa kwa kilo 10 katikati ya sehemu iliyonyooka. Kilo 10 si za kukisia: mizani ya ndoana ya kupimia samaki au nyama ilinasishwa katikati ya sehemu ndefu, ile ya krenki hadi altaneta, ikavutwa hadi isome 10, na rula ikasoma umbali. Kila mkanda peke yake. Mipya ilikazwa upande wa chini wa kipimo: mm 8 wa nyuma, mm 8.5 wa mbele.

Mtaimbo ukitumika kuvuta altaneta, uegemee kwenye sikio la mbele la chuma, si kwenye mwili wake katikati. Mwili ni aluminiamu, unapasuka, na pampu ya vakyumu iliyo nyuma inapinda pamoja nao.

Kukaza kupita kiasi hakuleti faida. Mkanda ukibonyea mm 4 tu kwa kilo 10, mvuto wake umekuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mm 10, na wanaolipa ni beringi za pampu ya maji na altaneta. Pampu inayoanza kudondosha maji wiki mbili baada ya mikanda mipya, mara nyingi imeuawa na aliyekaza.

Baada ya dakika 10 za kuungurumisha, injini ikazimwa na kupimwa tena: mm 11 na 11. Ikarudishwa kwenye 9. Mpira unajikalisha kwenye mfereji haraka sana mwanzoni, kwa hiyo anayefunga, kukaza na kuondoka bila dakika hizo kumi ameacha mkanda uliolegea.

Matokeo siku hiyohiyo: volti 28.1 kwa mizunguko 1,500 taa zikiwaka. Kimya asubuhi. Vakyumu kwenye hosi ya busta, hapa Dar es Salaam, mmHg (milimita za zebaki) 680.

Kilomita 60

Mm 10 na 10. Haikuguswa. Joto la puli ya altaneta baada ya nusu saa: nyuzi 69, kutoka 96.

Kilomita 500

Safari ya Iringa. Kupanda Kitonga mshale wa joto ulisimama pake pa kawaida. Vakyumu ilipimwa Iringa mjini na kusoma mmHg 555, na mtu asiyejua angeanza kufungua pampu. Si ubovu. Usawa wa bahari hewa ina mgandamizo wa mmHg 760. Kwenye mita 1,500 na ushei ni karibu 630, na pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo. Kilichobaki bila kuvutwa ni karibu kilekile cha Dar es Salaam. Anayepima gari Mbeya au Nairobi akitafuta 680 atabadilisha pampu isiyo na ubovu.

Mikanda: mm 11.5 na 12. Ilirudishwa 10. Tangu hapo kukagua kila mabadiliko ya oili kunatosha.

Kuhusu kelele, kwa kuwa maswali yake ni mengi: mkanda ukilia, nyunyiza maji kidogo kwenye mbavu injini ikiwa mwendo wa chini, ukiwa umesimama mbali na feni na bila nguo inayoning'inia. Sauti ikiongezeka, mkanda umelegea au mzigo umezidi. Ikinyamaza kwa muda mfupi kisha ikarudi, puli haziko kwenye mstari. Sabuni, mshumaa na dawa za kupuliza za mkanda hazitibu chochote kati ya hivyo viwili. Zinakusanya vumbi na vumbi linakuwa msasa.

Kilomita 3,000

Mm 10.5 na 10.5, yaani jozi inavutika sawasawa. Altaneta bado haijafika nusu ya tundu. Hakuna vumbi jeusi. Mbavu zina rangi ya kijivu isiyong'aa, ndivyo zinavyotakiwa.

Jozi ya akiba imefungwa kwenye karatasi, imezungushwa bila kuvunjwa na kuwekwa nyuma ya kiti pamoja na spana za bolti mbili za altaneta. Kukunja mkanda kwa nguvu hadi uwe mdogo kama ngumi kunavunja nyuzi kabla haujafanya kazi hata siku moja. Dereva ameelezwa kwamba taa ya chaji ikiwaka njiani anasimama hapohapo kwa gia na breki alizobakiwa nazo, hamalizii mteremko.

Ndani ya mlango wa kabini pameandikwa kwa rangi nyeupe: mm 13, meno, nje mm 1,080, jozi. Atakayefuata asianze na mkanda wa zamani.